Diski Umenunua, Gemu Bado: Nani Analipia Masasisho ya Konsoli?

Ukinunua diski ya gemu mpya leo, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, ukafika nyumbani ukaiingiza kwenye PS5, kitu cha kwanza kukupokea si gemu. Ni mstari wa kupakua sasisho (apdeti) unaojaa taratibu, na pembeni yake tarakimu: GB 30, GB 50, wakati mwingine zaidi. Chukua intaneti ya Mbps 10, ambayo kwa nyumba nyingi za huku kwetu si haba. Kwa kasi hiyo GB 50 ni saa kumi na moja, tena kama hakuna mwingine humo ndani anayeangalia video na umeme haukukatika. Kwa bando la simu, hesabu hiyo hata usiianze.

Hapo ndipo maswali yanapokuja. Pesa nimetoa, diski ninayo, gemu iko wapi? Kwenye mabanda ya gemu nimesikia majibu ya kila namna: wametuuzia gemu bovu makusudi, wanataka mashine za zamani zife tununue mpya, ukiapdeti PS4 inaanza kuunguruma, usipoapdeti akaunti inafungiwa. Kila jibu lina chembe ya ukweli na gunia la kubahatisha, kwa sababu mambo matatu manne yasiyofanana yamewekwa kapu moja. Mimi si mhandisi wala sijaajiriwa na kampuni yoyote ya gemu. Ni mtu wa padi tu, ninayesoma orodha za masasisho kama wenzangu wanavyosoma tetesi za usajili. Baada ya kuyafuatilia haya mambo, naona sehemu kubwa inaeleweka ukiuliza swali moja: kosa likigundulika baada ya diski kuchapwa, gharama ya kulirekebisha inamwangukia nani?

Kosa lilipokuwa la mchapishaji

PS2 ilitoka mwaka 2000. Diski yake ya DVD ilibeba GB 4.7, au karibu mara mbili ya hapo kwa zile za tabaka mbili, na kadi yake ya kumbukumbu ilikuwa MB 8 tu. Kwa wachezaji karibu wote hapakuwa na mahali pa kuweka sasisho hata kama lingekuwepo. Kilichochapwa ndicho kilichochezwa. Gemu zilikuwa na makosa, tena mengi, ila tuliyageuza starehe: ukuta unaopenyeka tuliuita siri, na kipa anayeduwaa kwenye kona moja ya uwanja kila mtu alijua pa kumpigia.

Kosa kubwa likipita, mchapishaji ndiye aliyeungua. Mfano ambao kila aliyekulia kwenye PS2 anaujua, hata kama hakujua undani wake, ni GTA: San Andreas. Mwaka 2005 iligundulika kwamba ndani ya diski kulikuwa na kipande cha gemu chenye mambo ya kitandani, ambacho watengenezaji walikuwa wamekizima bila kukifuta. Watu wakakiwasha. Julai mwaka huo bodi ya Marekani inayopanga umri wa wachezaji ikaipandisha gemu hadi daraja la watu wazima pekee, maduka makubwa yakaiondoa kwenye rafu, na mchapishaji wake, Take-Two, ikalazimika kupokea diski zilizorudishwa na kuchapa toleo jingine. Hasara ilikuwa mamilioni ya dola. Mchapishaji aliyeona jambo kama hilo alikuwa na sababu nzuri sana ya kukagua kila kona kabla ya kupeleka nakala kiwandani.

Kisha zikaja Xbox 360 mwaka 2005 na PS3 mwaka 2006, zikiwa na intaneti na, kwa nyingi zake, hifadhi ya ndani. Sasa kosa liliweza kufuatwa hadi sebuleni kwa mteja. Lakini angalia nani alilipa. Katika Xbox 360, mtengenezaji aliyetaka kutuma marekebisho mara ya pili aliwalipa Microsoft ili wayakague upya. Mwaka 2012 studio ndogo ya Kanada iitwayo Polytron ilitoa sasisho la gemu yake, Fez. Liliondoa makosa mengi, ila kwa wachezaji wachache, chini ya asilimia moja kwa maelezo ya studio yenyewe, liliharibu faili la mahali walipofikia. Sasisho likaondolewa. Polytron wakapiga hesabu ya kulirekebisha na kulipia ukaguzi mwingine, wakasema ni makumi ya maelfu ya dola ambayo hawana, na wakalirudisha lilelile na dosari yake. Wachezaji walikasirika. Mwaka uliofuata Microsoft waliiondoa ada hiyo.

Ilionekana ushindi kwa wote, na kwa studio ndogo kweli ulikuwa ushindi. Ila fikiri kilichobaki. Kurudisha diski hakupo tena, ada haipo tena. Gharama iliyosalia ya kumalizia gemu baada ya kutoka ni seva za kusambazia, ambazo kwa kampuni kubwa si kitu cha kuwanyima usingizi, na intaneti ya kupakulia. Hiyo ya pili analipa mnunuzi. Kwa kijana wa Seoul mwenye waya wa faiba ukutani haionekani hata kwenye bili. Kwa wa Tabata, Kisauni au Goma inaonekana vizuri sana.

Wiki kadhaa kati ya kiwanda na duka

Tuwe waadilifu kwa watengenezaji pia. Sasisho la siku ya kwanza, lile linalokungoja diski ikiwa bado na harufu ya plastiki, aghalabu ni suala la kalenda. Diski lazima zichapwe, zifungwe, zisafirishwe na kufika madukani kabla ya tarehe ya kutoka, kwa hiyo nakala kuu hupelekwa kiwandani wiki nyingi kabla. Kabla ya hapo Sony, Microsoft au Nintendo huikagua: je, mashine inaganda? Padi ikichomoka gemu inasimama? Faili za kuhifadhi ziko salama? Ukaguzi huo hauulizi kama gemu ni tamu, wala kama kila misheni inamalizika bila kasoro. Nakala ikishapita, timu haiendi nyumbani. Inaendelea kurekebisha, na kazi ya wiki hizo ndiyo unayoipakua.

Hadi hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza pale kalenda inapogeuzwa kisingizio. Mwaka 2015 Activision walitoa Tony Hawk's Pro Skater 5. Diski yake ilikuwa na takriban GB 4.6, na humo mlikuwa na somo la kuanzia na sehemu ya kujijengea uwanja wa kuteleza. Gemu yenyewe ilikuja kwa sasisho la GB 7.7. Yaani sasisho lilikuwa kubwa kuliko diski. Hayo si marekebisho. Hiyo ni diski iliyochapwa ili tarehe isipite.

Cyberpunk 2077 ndiyo kesi ninayorudi kwayo kila mara, kwa sababu ina pande zote mbili. CD Projekt Red wa Poland waliahirisha tarehe zaidi ya mara moja, wakaitoa tarehe 10 Desemba 2020. Kwenye PS4 za kawaida iliganda, ikazima, watu wakatembea wakiwa hawana nyuso. Siku nane baadaye Sony waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni na kurudisha pesa za watu, jambo ambalo kwa gemu kubwa kiasi kile halikuwa la kawaida hata kidogo. Ilirudi dukani Juni 2021. Februari 2022 likaja sasisho la 1.5 lililoileta rasmi kwenye PS5 na Xbox Series. Septemba 2023 likaja 2.0, lililofumua mfumo wa ujuzi wa mhusika, polisi na mapigano, na gemu ikawa kile kilichoahidiwa miaka mitatu nyuma. Leo naipendekeza bila kusita. Lakini 2.0 haikuwafikia wenye PS4 na Xbox One. Wao waliachwa kwenye masasisho ya 1.6. Walionunua mapema, kwa bei ya juu, kwenye mashine iliyokuwa ndiyo ya wengi siku ile, ndio waliopata gemu mbovu zaidi. Aliyesubiri miaka mitatu alilipa kidogo na kupata nzima.

Kuna kisa cha upande wa pili, No Man's Sky ya Hello Games, timu ndogo ya Uingereza. Ilitoka Agosti 2016 ikiwa na pengo kubwa kati ya ahadi na diski. Tangu hapo wameongeza vitu mwaka baada ya mwaka bila kutoza senti kwa waliokwisha kununua. Na kwa wapenzi wa soka, eFootball, mrithi wa PES: ilitoka Septemba 2021 ikiwa katika hali ya kuchekesha, hadi nyuso za wachezaji zikawa vichekesho mitandaoni, na toleo ambalo Konami wenyewe waliliita 1.0 likafika Aprili 2022. Lililotangulia lilikuwa toleo la ngapi basi?

Si sasisho moja

Sasa tutenganishe. Kuna sasisho la mfumo wa mashine yenyewe. Hili linatoka kwa Sony, Microsoft au Nintendo, na mara nyingi si zito: la PS5 huwa GB moja na kitu. Linaziba matundu ya usalama, linaongeza uwezo, na wakati mwingine linafungua kifaa kilichokuwamo tangu mwanzo. PS5 iliuzwa kuanzia Novemba 2020 ikiwa na nafasi ya kuongezea SSD, hifadhi ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, ambayo haikufanya kazi hadi sasisho la Septemba 2021. PS4 nayo, kwa sasisho la 9.00 mwezi huohuo, iliondolewa kwa kimya tatizo lililowatisha watunza makumbusho wa gemu: betri ndogo ya saa iliyo kwenye ubao ikifa na mashine ikakosa kufika kwenye seva, ilikataa kucheza gemu hata za diski. Sasisho hilo ambalo wengi walikuwa wakililalamikia kuwa "halina kitu" ndilo lililowaokolea mashine zao.

Ila sasisho la mfumo linaweza pia kunyang'anya. PS3 za mwanzo ziliruhusu kuwekwa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na jeshi la anga la Marekani lilizitumia zaidi ya 1,700 kujengea kompyuta kubwa ya utafiti. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony walitoa sasisho la 3.21 lililoiondoa ruhusa hiyo. Hukulazimishwa, ukikataa tu, unafungiwa PSN, yaani mtandao wa PlayStation, na gemu mpya zinazodai mfumo mpya. Kesi ilifunguliwa Marekani na ikaishia kwa fidia, miaka mingi baadaye. Kwa hiyo anayesema "mashine ni yangu, hakuna wa kuibadilisha" ana haki ya kusema, ila mkataba aliobofya kukubali hausemi hivyo.

Sasisho la gemu ni jambo lingine: hili linatoka kwa watengenezaji wa gemu na linagusa gemu moja tu. Ndani yake kuna marekebisho ya makosa, lakini pia mizani. Katika FC, gemu ya soka ambayo EA waliibadili jina mwaka 2023 baada ya kuachana na FIFA, sasisho la katikati ya msimu linaweza kupunguza kasi ya mawinga au kufanya krosi zisiwe na maana. Wachezaji wa mabanda wanalijua hili vizuri kuliko wanavyoweza kulieleza. Mtu anacheza wiki nzima kwa mpira wa juu, mwenye banda anaunganisha intaneti usiku, kesho yake mpira wa juu haufungi tena, na kelele zinaanza kwamba padi ni mbovu. Orodha ya vikosi na uhamisho ni faili jingine dogo kabisa, la MB chache, na ndiyo maana naona ajabu mtu anayekataa kuunganisha mashine kwa hofu ya bando halafu analalamika mchezaji wake bado yuko klabu ya zamani.

Kisha kuna nyongeza za kulipia na kuna "kupandishwa daraja". Hapa Nintendo Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, imewachanganya wengi. Gemu za Switch ya kwanza zinacheza kwenye mashine mpya. Baadhi zimepata sasisho la bure linalozifanya zikimbie vizuri: Pokémon Scarlet na Violet, zilizokuwa zikikwamakwama kwenye mashine ya zamani, zikafika fremu 60 kwa sekunde bila malipo. Nyingine, kama Zelda: Breath of the Wild, zinatozwa dola 10 kwa huduma inayokaribiana, isipokuwa kwa wenye usajili wa juu wa mtandao wa Nintendo. Kwa nini hii bure na ile dola 10? Sijaona sababu ya kiufundi inayotosha. Ni bei tu, na bei hupangwa na anayejua utalipa.

Kwa nini kosa dogo linaleta GB 20

Hili ndilo linalowakera watu zaidi, na ndilo lenye jibu zuri zaidi. Orodha inasema "tumerekebisha mlango usiofunguka kwenye misheni ya nne", unatazama ukubwa: GB 18. Mlango gani huo?

Gemu kubwa haihifadhiwi kama maelfu ya faili ndogo zilizolala kila moja mahali pake. Hufungwa kwenye mafurushi makubwa, yakabanwa ili yapungue ukubwa, na mara nyingi yakafungwa kwa ufunguo ili yasichokonolewe. Ni mkeka: ukitaka kubadili ukindu ulio katikati huchomoi ukindu mmoja, unafumua upande mzima. Badiliko dogo ndani ya furushi lililobanwa linaweza kusogeza kila kilichofuata, na mfumo unaolinganisha toleo la zamani na jipya ukaona sehemu kubwa haifanani. Studio yenye nidhamu hupanga mafurushi yake ili vitu vinavyobadilika mara kwa mara vikae pamoja. Isiyojali hutuma furushi zima. Anayeokoa muda ni mhandisi wao. Anayetumia GB ni wewe.

Kwenye PS4 kulikuwa na adha nyingine juu ya hiyo. Ukimaliza kupakua, mashine ilianza kazi ya pili ya kunakili: ilijenga upya faili la gemu kando ya lile la zamani, kisha ikafuta la zamani. Ndiyo maana gemu ya GB 100 yenye sasisho la GB 2 ingeweza kukukatalia ikidai nafasi isiyolingana kabisa na GB 2, na ndiyo maana hatua ya kunakili ilichukua muda mrefu kuliko kupakua. Mashine zilizouzwa na GB 500 ziliteseka sana na Call of Duty, ambayo kufikia 2020, Warzone ikiwemo, ilikuwa imepita GB 200.

Ukubwa wenyewe una sababu tatu: picha za 4K, yaani zenye ubora wa juu, zinazovikwa kuta, nguo na ngozi, sauti za lugha nyingi unazowekewa hata kama utasikiliza moja, na sababu ambayo watu wengi hawaijui, urudufu wa makusudi. Mashine za kizazi cha PS4 zilitumia HDD, ile hifadhi yenye sahani zinazozunguka na sindano inayosogea kutafuta data. Kusogea huko kunakula muda. Njia ya kukwepa ilikuwa kuweka nakala ya kitu kilekile kila mahali kitakapohitajika, ili sindano isisafiri. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS5, alieleza Machi 2020 kwamba katika Spider-Man ya PS4 kulikuwa na vipande vya data vilivyorudiwa mara 400. PS5 ikaja na SSD inayosoma GB 5.5 kwa sekunde, na haja ya urudufu ikaisha.

Haja ikaisha, tabia haikuisha. Helldivers 2 kwenye kompyuta ilifikia GB 154 kwa sababu ya urudufu uliowekwa kuwasaidia wachache ambao bado wana HDD. Watengenezaji, Arrowhead wa Sweden, walipopima kweli waligundua kwamba kwa watu hao tofauti ya kungojea ilikuwa sekunde chache tu. Desemba 2025 wakatoa toleo lililosafishwa: GB 23. Gemu ileile. Nikikumbuka watu wangapi waliifuta ili kupata nafasi, au walikaa siku mbili wakiipakua, naona hapo hapakuhitajika teknolojia mpya, palihitajika mtu wa kupima. Na mtu huyo hatumwi kupima jambo ambalo halimgharimu mwajiri wake.

Kadi yenye ufunguo tu

Nintendo, waliokuwa wa mwisho kushikilia kadi yenye gemu kamili, wamekuja na Switch 2 na aina mpya ya kadi isiyo na gemu ndani yake. Ina ufunguo. Unaichomeka, inaruhusu upakuaji, na baada ya hapo lazima ikae kwenye mashine kila unapocheza. Street Fighter 6 iliuzwa hivyo. Cyberpunk, ajabu yake, ilikuja nzima kwenye kadi ya GB 64, ikathibitisha kwamba ikitakiwa inawezekana. Kadi zenye nafasi kubwa ni ghali, na mchapishaji anapiga hesabu yake.

Nitasema kitu ambacho wakusanyaji wengi hawapendi kukisikia: kadi ya ufunguo ni bora kuliko msimbo wa karatasi ndani ya boksi, kwa sababu unaweza kuiazima, kuiuza, kumpa mdogo wako. Tena boksi lake linatangaza wazi upande wa mbele kwamba gemu haimo. Walau unajua kabla ya kulipa. Diski nyingi za PS5 na Xbox zinazodai kupakua nusu ya gemu zinalisema hilo kwa maandishi ya kutafutwa na miwani, au zinataja nafasi inayohitajika ndani ya mashine bila kutaja kiasi utakachovuta mtandaoni, ambavyo si kitu kimoja.

Unayeishi na bando

Sasisho la mfumo wa PlayStation si lazima lipakuliwe na mashine yenyewe. Sony wanaliweka kwenye tovuti yao. Unalishusha kwenye kompyuta yoyote, hata ya kazini au saiba, unaliweka kwenye flashi ndani ya folda ya PS4 au PS5, na humo ndani folda ya UPDATE, na mashine inalisoma. Sasisho la gemu halina njia hiyo rahisi. Lakini kwenye PS4 unaweza kuweka gemu kwenye HDD ya nje pamoja na masasisho yake, ukaibeba hadi kwenye mashine nyingine. Kama gemu ni ya diski, diski iende nayo, na kama ni ya kupakua, ingia kwa akaunti iliyoinunua. Mwenye mabanda mawili hana sababu ya kupakua mara mbili. PS5 mbili kwenye mtandao mmoja wa ndani zinaweza kuhamishiana pia.

Gemu ya mchezaji mmoja ikikudai sasisho na huna bando, jaribu kuzima intaneti, isakinishe kutoka kwenye diski na uianze. Nyingi zitakubali kwa toleo la kiwandani. Nyingine ziko sawa kabisa hivyo, nyingine utajuta. Na kabla ya kununua nyongeza yoyote, angalia diski yako ni ya eneo gani. PSN haijafunguliwa rasmi Kenya wala Tanzania, kwa hiyo wengi wetu tuna akaunti za Marekani au Uingereza na kadi za zawadi, wakati diski nyingi hutufikia kupitia Dubai. Sasisho la bure litakuja bila shida kwa sababu linafuata diski. Nyongeza uliyoilipia kwenye duka la Marekani, kwa kawaida, haitaitambua diski ya Ulaya, na huko hakuna wa kumlilia.

Mpangilio huu wa akaunti si jambo dogo. Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PSN. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN, zetu zikiwemo. Kelele zikawa kubwa, sharti likafutwa ndani ya siku chache.

Seva ikizimwa

Linalobaki ni la muda mrefu. Kama gemu yako kamili iko kwenye seva na diskini kuna nusu yake, siku seva ikizimwa unabaki na hiyo nusu. The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari ya 2014, ilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na diski zake hazichezi chochote, hata ukiwa peke yako. Concord ya Sony ilitoka Agosti 2024 na kuondolewa baada ya wiki mbili. Pesa zilirudishwa, diski zikawa za kuwekea vikombe. Kesi ya The Crew ndiyo iliyoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, ambayo kufikia Julai 2025 ilikuwa imekusanya saini zaidi ya milioni moja Ulaya ikitaka gemu ziachwe katika hali ya kuchezeka mtengenezaji anapojiondoa. California nayo, tangu Januari 2025, inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali waseme wazi kwamba unachonunua ni leseni.

Duka likifungwa, masasisho si lazima yafe siku hiyohiyo. Nintendo walifunga maduka ya Wii U na 3DS Machi 2023, lakini waliacha masasisho na gemu zilizokwisha kununuliwa ziendelee kupakuliwa. Sony walitangaza mwaka 2021 kufunga duka la PS3, wakabadili mawazo Aprili mwaka huohuo baada ya malalamiko. Hakuna kati ya kampuni hizo iliyoahidi milele. Kwa hiyo mwenye PS3 au Wii U kabatini, yenye diski anazozipenda, aziingize moja moja wikiendi hii, avute masasisho yake yote, na awe na HDD ya akiba ya kunakilia. Masasisho ya mashine hizo ni madogo kwa vipimo vya leo. Gemu nyingi za PS3 hazifiki hata GB moja ya marekebisho, na bando la wiki linatosha kwa rafu nzima.